Omo ya Zulu, Tezi ya Nubian

Waheshimiwa, ndugu zangu, na hasa nyinyi wanafunzi wa ufundi wa meli mliokaa nyuma: nianze na lile mnalolijua tayari, tulimalize. Mwaka 1916 destroya mbili za Uingereza, yaani manowari ndogo za mbio, Nubian na Zulu, ziliharibiwa ndani ya majuma mawili. Moja ilipoteza omo, yaani sehemu ya mbele, nyingine ikapoteza tezi, yaani sehemu ya nyuma. Karakana ya jeshi la majini ya Chatham ikachukua omo ya Zulu, ikaiunga na sehemu ya kati na tezi ya Nubian, ikatoka manowari moja. Ikaingia kazini Juni 1917 kwa jina la Zubian. Kila anayesimulia hufika hapo, watu wakacheka kwa lile jina, kisha wakatawanyika.

Mimi nasema hapo hatujasema kitu. Nimelisema hili katika kila ukumbi nilioitwa, na nitaendelea kulisema: historia ya manowari husomwa kwenye mafuta yake, viambaza vyake (kuta zake za ndani) na michoro yake. Vita huja baadaye. Asiyejua Nubian na Zulu zilikunywa mafuta kiasi gani hawezi kunieleza kwa nini zilikuwa Dover, bandari ya Uingereza inayotazamana na Ufaransa, na asiyejua kwa nini zilikuwa Dover hawezi kunieleza kwa nini zilipigwa.

Tuanze na mafuta basi. Destroya za Uingereza zilizotangulia, zile za aina ya River, zilikwenda maili 25 na nusu za bahari kwa saa, kwa nguvu za farasi karibu 7,000. Admirali John Fisher alishika uongozi wa jeshi la majini Oktoba 1904, akataka mwendo wa maili 36. Hatimaye wakakubaliana kwenye 33. Nyongeza ya maili saba na nusu mnaiona ndogo? Kwa meli, nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo. Gawanyeni 33 kwa 25.5, mpandishe jibu kwenye mchemraba, mtapata kiasi cha 2.2. Yaani nguvu zaidi ya maradufu, na ndivyo ilivyokuwa: meli mpya zilifungwa mitambo ya nguvu za farasi kati ya 14,000 na 15,500. Zilikuwa 12, zote zikapewa majina ya makabila na mataifa: Afridi, Cossack, Ghurka, Mohawk, Tartar, Saracen, Amazon, Nubian, Crusader, Maori, Viking na Zulu.

Zote zilitumia mafuta peke yake bila makaa, na zote zilikuwa na turbini za Parsons, mitambo inayozungushwa na mvuke, zilizounganishwa moja kwa moja na shafti tatu za rafadha, yaani panga za kusukuma maji nyuma ya meli. Hapa ndipo penye kasoro kubwa. Turbini hupenda kuzunguka kasi sana. Rafadha hupenda kuzunguka polepole. Ukizifunga pamoja bila gia katikati, hakuna inayofanya kazi kwenye kiwango chake. Rafadha inabidi iwe ndogo na ya mbio, maji yanatoka mapovu nyuma yake na nguvu inapotea. Na meli ikienda mwendo wa kawaida wa doria, turbini inazunguka chini kabisa ya kiwango ilichoundiwa, mvuke unapita ndani yake bila kufanya kazi ya maana. Gia zilikuja kutulia kwenye destroya baadaye, kwa Leonidas na Lucifer zilizoshushwa majini mwaka 1913. Hizi zetu zilikuwa zimeshaundwa.

Na kuna kisa cha Afridi na Amazon. Kila moja ilitumia tani 9 na nusu za mafuta kwa kuwasha boila na kupandisha mvuke tu, ili iende bohari ya mafuta na kurudi, safari ya maili tatu. Afisa akisoma hesabu hiyo anajua mara moja kwamba meli hii haiwezi kufuatana na kundi kubwa katikati ya Bahari ya Kaskazini. Itaishiwa kabla ya adui kuonekana. Kwa hiyo vita vilipoanza 1914, meli hizi zilipelekwa Dover, kwenye mlango mwembamba ambako bandari iko karibu na tangi liko karibu. Pale zilikaa, pale zikalinda meli za kuvusha askari kwenda Ufaransa, na pale baadhi yake zikafia. Maori ilipigwa na bomu la kutegwa karibu na Zeebrugge Mei 1915. Ghurka ikapatwa na hilohilo karibu na Dungeness Februari 1917.

Najua kuna atakayesema: basi mafuta yalikuwa kosa, bora wangebaki na makaa. Walijaribu! Kundi lililofuata, meli 16 za aina ya Beagle, lilirudishwa kwenye makaa kwa hofu ya gharama na upatikanaji wa mafuta. Kundi la baada ya hapo likarudi kwenye mafuta, na halikugeuka tena. Mafuta hayakuwa na hatia. Tatizo lilikuwa shafti isiyo na gia.

Sasa usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Oktoba 1916. Nitaupita haraka kwa sababu vitabu vimeujaza. Destroya za Kijerumani zilitoka pwani ya Ubelgiji zikavamia mashua zilizokuwa zikilinda nyavu za kuzuia nyambizi. Zikazamisha mashua sita, destroya kuukuu Flirt, na meli tupu ya kubeba askari, The Queen. Kutoka Dover zilitumwa destroya sita za aina hii, lakini hazikutoka pamoja, zikatawanyika gizani. Nubian ikapigwa topido sehemu ya mbele. Ikakokotwa, bahari ikachafuka, amari, yaani kamba ya kukokotea, ikakatika, ikapanda mwambani karibu na South Foreland. Tarehe 8 Novemba Zulu ikakanyaga bomu la kutegwa upande wa Dunkirk. Tezi ikaenda chini, kilichobaki kikakokotwa hadi Calais.

Simameni hapa pamoja nami. Kwa nini kulikuwa na kitu cha kukokota? Bati za destroya ni nyembamba, milimita chache tu, na mlipuko chini ya maji hauchagui. Jibu ni viambaza: kuta za chuma zinazokatisha meli kutoka upande hadi upande, zisizopitisha maji. Mlipuko ukifungua chumba kimoja au viwili, kiambaza cha tatu ndicho kinachoamua kama meli ni chombo au ni mabaki. Na kiambaza hakikuundwa kusukumwa na bahari nzima ikija kwa mwendo. Ndiyo maana meli iliyopoteza omo hukokotwa kinyumenyume inapowezekana, na kiambaza hutegemezwa kwa magogo kutoka ndani. Baharia anayeacha mlango wa kiambaza wazi kwa sababu joto limezidi chumba cha boila anafuta kazi yote ya mbunifu. Hili halikuisha na 1916. Linatokea leo kwenye meli za abiria, nanyi mnaozipanda mnaona milango iliyofungwa kwa kamba ili isijifunge.

Turudi Chatham. Watu huuliza: mbona wasiunde mpya? Kwa sababu kitu ghali na cha kuchelewa katika destroya ni mitambo. Bati hupatikana. Turbini, kondensa na shafti tatu, hivyo huagizwa na kusubiriwa, na mwaka 1916 kila kiwanda kilikuwa na foleni. Nubian ilikuwa imeumia mbele, mitambo yake yote nyuma ikiwa mizima. Zulu ilikuwa na omo nzima na daraja la nahodha. Na kwa sababu kiungo kingekuwa mbele ya chumba cha mitambo, mstari wa shafti haukuguswa. Hilo ndilo lililofanya hesabu ikubali. Kama ingekuwa lazima kukata katikati ya mstari wa shafti, nina hakika wangeuza vipande vyote viwili kwa wauza vyuma vikuukuu.

Lakini vipande havikulingana. Fisher na wenzake walitoa masharti: mwendo huu, mafuta peke yake, mizinga hii. Mchoro waliuachia kila kiwanda. Nubian ilichorwa na Thornycroft, Southampton. Zulu ilichorwa na Hawthorn Leslie, Hebburn kwenye mto Tyne. Ni sawa na kuwapa washonaji wawili kipimo kimoja cha kanzu: zote mbili zitavaliwa, lakini ukizikata kiunoni mishono haikutani. Viking ilitoka na dohani sita, Cossack na tatu, na zote zinaitwa aina moja! Tofauti ya upana kati ya Zulu na Nubian ilikuwa inchi tatu na nusu, yaani milimita 89.

Gaweni kwa pande mbili: milimita 44 na nusu kila upande. Anayesikia hivyo hudhani ni jambo la nyundo. Kazi ya namna hii ina mpango wake, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika. Vipande huingizwa chelezoni, mahali pa kutengenezea meli pakavu, na kukalishwa juu ya magogo. Mkuku, yaani uti wa chini wa meli, wa kipande kimoja lazima ukae kwenye mstari mmoja na wa kingine, kwa urefu na kwa wima, na mstari huo hupimwa alfajiri au usiku, maana jua likipiga ubavu mmoja chuma hutanuka na meli hupinda bila wewe kuona. Kisha hukatwa hadi chuma kizima. Tundu la mlipuko ni dogo kuliko uharibifu: mbali na tundu bati zimekunjamana kidogo na ribiti, zile pini za kuunganishia bati, zimelegea, na fundi hugonga moja moja kwa nyundo akisikiliza ipi inalia na ipi inakufa.

Halafu ile milimita 44. Huwezi kuacha ngazi ubavuni, kwa sababu mkazo wote wa mawimbi utakusanyika hapo, na bati itapasuka kuanzia pembe. Unaisambaza juu ya nafasi za mataruma (mbavu za meli) kadhaa, kila taruma likipindwa kidogo kuliko la jirani yake, hadi pande zikutane. Na viungo vya bati visiangukie kwenye taruma moja. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linalokosewa na kila anayeunga chombo kwa haraka: kiungo cha sitaha kiwe hapa, cha ubavu kisogee, cha mkuku kisogee tena. Wimbi likiinua katikati ya meli, omo na tezi zikaning'inia, sitaha inavutwa. Kama viungo vyote viko kwenye mstari mmoja, umejiundia mahali pa kuvunjikia.

Ribiti nazo zina sheria. Mahali pa kuzuia maji hupangwa kwa nafasi ya kipenyo cha ribiti mara nne na nusu hadi tano. Tangi la mafuta hutaka mara tatu hadi tatu na nusu, kwa sababu mafuta hupenya pale maji yanaposhindwa. Meli iliyounganishwa ikabeba mafuta karibu na kiungo, na fundi akatumia nafasi ya maji, itavuja hadi siku ya kuvunjwa. Kisha kingo hukalafatiwa, yaani huzibwa, kwa patasi, chumba hujazwa maji, na mtu hutazama nje kwa taa. Baada ya hapo ndipo mabomba ya mafuta, ya kuzimia moto na ya kunyonya ngama (maji yanayokusanyika chini ya meli), nyaya za umeme, mirija ya kuzungumzia, na mfumo wa usukani kutoka daraja lililochorwa Hebburn hadi usukani uliochorwa Southampton. Na dira lazima irekebishwe upya, maana chuma kilichopigwapigwa hubadilisha usumaku wake.

Kutoka Novemba hadi Juni: miezi saba. Msiniambie ni muujiza ambao haujapata kuonekana. Machi 1907 meli ya abiria Suevic ilipanda mwamba huko Lizard. Ikakatwa kwa baruti, omo ikaachwa, tezi ikaenda Southampton kwa mitambo yake yenyewe. Belfast wakaunda omo mpya ya karibu mita 65, ikakokotwa na kuungwa, na Januari 1908 meli ikarudi kazini. Lakini omo ile iliundwa kulingana na meli. Chatham waliunga vipande viwili ambavyo havikuwahi kukusudiwa kukutana.

Muda umekwisha, kwa hiyo haraka. Tarehe 4 Februari 1918 Zubian ilihesabiwa kuizamisha nyambizi UC-50 kwa mabomu ya kina, karibu na Dungeness. Watafiti wa baadaye wametilia shaka kwamba ilikuwa nyambizi hiyo, na mimi nawaunga mkono walioshuku, kwa sababu mafuta yanayoelea juu ya maji si ushahidi wa kuzama.

Ndugu aliyeniandikia kikaratasi kuuliza uhusiano na kwetu: upo. Monita Severn na Mersey, manowari za maji mafupi zilizopiga pwani ya Ubelgiji kutoka Dover mwaka 1914, ndizo zilizoletwa Rufiji zikaimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Meli za maji mafupi ziliweza kutumwa bara hadi bara kwa kukokotwa. Destroya zenye kiu kama Zulu hazikuweza kuondoka mlangoni.

Zubian iliuzwa Desemba 1919, ikavunjwa. Na tafadhali, mkikuta picha ya Zulu yenye dohani mbili na mizinga minane iliyopangwa miwili miwili, hiyo siyo. Hiyo ni Zulu iliyoshushwa majini 1937, iliyopotea karibu na Tobruk Septemba 1942. Zulu ya mhadhara huu ilikuwa na mizinga miwili tu ya inchi nne.