Miaka Iliyoliwa na Nzige

Bwana Yesu asifiwe. Kitabu cha nabii Yoeli, 2:25. Mmeshanisikia nikiihubiri hapa Mikindani na kule Likoni, na nitairudia, kwa sababu bado tunaisoma nusu. “Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige.” Tunadaka hapo, tunapiga makofi, twende nyumbani.

Hebu rudini sura ya 1, aya ya 4. Walichosaza tunutu kililiwa na nzige, walichosaza nzige wakala parare, kilichobaki madumadu wakamaliza; wote hao ni jamii ya nzige. Hasara juu ya hasara! Sisi hatuhitaji kuelezwa. Mwisho wa 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, uvamizi mbaya kuliko wowote kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Nchi haijapumua, korona hiyo. Korona haijaisha, mvua zikakataa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa Kinango na Ganze. Wewe uliyefunga kibanda sokoni Kongowea, ukakopa, na mkopo ukaja kula hata meza ya kuuzia, Yoeli anakujua. Hakukwambia ujikaze tu.

Mtu ataniuliza: “Mchungaji, miaka inarudije? Mimi nimeshazeeka, mwanangu aliacha shule, sasa ana watoto wake.” Si swali la mtu asiye na imani. Someni aya zinazoizunguka ahadi: mvua inanyesha, sakafu za kupuria zinajaa ngano, watu wanakula wakashiba, na aibu inawatoka. Mungu hakuwarudisha ujanani. Aliinyeshea ardhi ileile iliyoliwa, wakavuna watu walewale waliolia.

Na wale wanaowaambia mtume kwanza pesa ya “mbegu” kwa simu ndipo mrudishiwe, waulizeni wameisoma aya gani! Aya ya 13 ya sura hiyo ya 2 inasema rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu. Pesa haikutajwa. Mjane anatoa karo ya mjukuu wake! Inaniuma, na sitanyamaza.

Aya ya 28, ya kumiminwa Roho, Petro aliinukuu siku ya Pentekoste. Muda umekwisha, tutaiacha. Lakini ya 16 siiachi. Kabla ya ahadi waliitwa wote, wazee, watoto wanyonyao, hata bwana arusi atoke chumbani. Hakuna aliyeachwa alie peke yake. Kwa hiyo yule mwenzako wa kiti cha pili ambaye hatujamwona tangu biashara yake ifungwe, mpigie leo, kabla hujala.