Betri ya Simu na Jua la Dar

Asanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya kuhifadhi umeme kwa ujumla, lakini nitakaa kwenye kitu kimoja, kwa sababu kila wiki kinaletwa mezani kwangu kikiwa kimevimba. Ni hii betri bapa ya litiamu polima iliyo ndani ya simu zenu, spika zenu ndogo, saa zenu na droni za wapiga picha za harusi. Swali ni lilelile: "Mwalimu, betri inakaa muda gani?"

Jibu la kwenye karatasi mnalijua. Betri ya kawaida ya simu hutengenezwa kwa mizunguko 300 hadi 500, kisha inabaki na kama asilimia 80 ya uwezo iliyozaliwa nao. Mzunguko ni asilimia 100 iliyotumika kwa jumla. Ukitumia nusu leo ukachaji, ukatumia nusu kesho ukachaji, umemaliza mzunguko mmoja, hata kama umechomeka chaja mara mbili. Kwa hiyo ile hofu ya "nikichomekachomeka naiua" itoeni kichwani leo.

Lakini karatasi ile imeandikwa kwa nyuzi 25. Dar es Salaam mwezi wa pili mchana mna nyuzi ngapi? Na ndani ya mfuko wa jinzi? Na juu ya dashibodi?

Mwaka 2019 nilinunua simu mbili Kariakoo: duka moja, siku moja, aina moja, hata maboksi yalifuatana. Moja nikampa mdogo wangu, dereva wa bajaji. Nyingine nikampelekea mama yetu kijijini, juu huko Lushoto. Haukuisha mwaka, mdogo wangu akaja ananung'unika: "Kaka, simu uliyoninunulia ni feki. Chaji haikai." Nikaigeuza. Kioo kilikuwa kimeachana na fremu upande wa kulia, na ukiiwasha gizani mwanga unapenya kwenye ule ufa. Nikafungua, nikaitoa betri, nikaiweka juu ya meza ya kioo na kuizungusha kwa kidole. Betri nzima ni bapa, ukiizungusha inasugua na kusimama. Ile ilizunguka kama pia.

Nikamwekea nyingine. Baada ya miezi minane akarudi na malalamiko yaleyale, na safari hii fundi feki nikawa mimi. Ndipo nilipoamua kupanda bajaji yake siku nzima. Simu ilikuwa kwenye kishikio mbele ya kioo, jua la saa saba linaipiga usoni, ramani imewaka, waya wa chaji umechomekwa tangu asubuhi. Nikaweka kipimajoto nyuma ya simu: nyuzi 52. Simu yenyewe ilikuwa imeandika kwamba imesitisha kuchaji kwa sababu ya joto, naye kila ikiandika hivyo anachomoa waya na kuchomeka upya. Kifaa kinaomba kupumzika, mwenyewe anakilazimisha!

Na ya mama je? Alikuwa anachajisha kwenye kibanda cha jirani chenye sola, kwa foleni. Jua likizama jirani anafunga, simu imefika asilimia 60 au 70, anaichukua hivyohivyo. Usiku kule ni baridi ya kujifunika blanketi mbili. Mama anapiga, anapokea, anasikiliza redio, basi. Mwaka 2023 nilipokwenda niliitoa ile betri nikaizungusha mezani. Haikuzunguka. Miaka minne, betri ileile ya siku ya kwanza.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mama haitumii, ndiyo maana." Ni kweli, matumizi yana sehemu yake, sibishi. Lakini betri huzeeka hata bila kutumika, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Betri ya litiamu ikiwekwa kabatini mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, hubaki na uwezo wa kama asilimia 65. Ikiwekwa kwenye joto hilohilo ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu, hubaki na kama 85. Kwenye nyuzi 25 ni 80 kwa iliyojaa, na 96 kwa iliyo na chaji ya 40. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyecheza gemu. Ni joto na kujaa, viwili hivyo vimeshikana mikono.

Kwa nini? Fikirini pantoni ya Kigamboni. Abiria ni chembe za litiamu. Unapochaji wanavuka kwenda upande wa grafaiti, unapotumia wanarudi upande wa oksaidi ya kobalti. Kila safari wachache wananasa ng'ambo na hawarudi tena, kwa sababu grafaiti ina ngozi nyembamba iliyotokana na ule ute unaowavusha, na ngozi hiyo hukua kwa kuwameza abiria. Joto linaikuza haraka. Na betri ikijaa mpaka volti 4.2, msukumo ndani ni mkubwa, ule ute nao unachambuka upande wa kobalti na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea kwenye kifuko kilichofungwa pande zote, ndiyo maana kinavimba. Betri za bati, kama zile za mviringo, zinazeeka vilevile, ila ukuta wake mgumu hauonyeshi. Hii ya polima inasema ukweli wake hadharani.

Shusha kilele hicho kutoka volti 4.2 hadi 4.1 tu, na idadi ya mizunguko inakaribia maradufu. Unapoteza kidogo ya chaji ya leo, unapata miaka. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimama kwenye asilimia 80. Uwasheni! Mtaniambia, "Mwalimu, mimi natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, 80 haitanifikisha." Basi siku hiyo jaza. Sijasema usijaze kamwe. Nasema usiijaze saa nne usiku ikakaa imejaa mpaka alfajiri chini ya mto, pamoja na kava la mpira na joto la kichwa chako.

Halafu kuna lile la "iache izime kabisa ndipo uchaji", na ndugu yake, "simu mpya uichaji kwa muda wa saa nane kwanza". Nani anaendelea kuwafundisha haya? Yalikuwa na maana kwa betri za nikeli na kadimiamu, zile za redio za upepo za zamani. Sony walileta betri ya litiamu sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoizaa betri hiyo, na Goodenough alikuwa na miaka 97. Mzee huyo kaishi mpaka kupokea tuzo yake, na sisi bado tunachaji kwa ushauri wa redio! Litiamu haipendi kushuka chini ya volti 3. Ikizima, ichaji mapema. Ukiitupa kabatini imezima kwa miezi sita, unaweza kukuta haiamki tena. Wenye droni, msizihifadhi zimejaa, wala tupu: kama volti 3.8 kwa kila seli, yaani kila kifuko kimoja ndani ya betri, mahali pa baridi.

Naona napungiwa mkono kuhusu muda, kwa hiyo haya yaliyobaki nayapitia mbio. Betri "mpya" iliyokaa dukani miaka mitatu kwenye joto si mpya, kwa hiyo tafuteni tarehe kwenye lebo kabla ya kulipa. Chaja ya haraka si mbaya yenyewe, kibaya ni joto lake, hivyo vueni kava. Habari ya pawabenki na namba zinazoandikwa juu yake inahitaji mhadhara mzima, leo naiacha.

Ila la kuvimba siwezi kuliruka. Betri iliyovimba haitobolewi, haibanwi, wala hairudishwi kwa kufunga kioo kwa gundi, na nimeona mafundi wanafanya yote matatu. Ukiitoboa, pande mbili zinagusana ndani na moto unawaka hapohapo mkononi mwako. Usiichaji tena hata mara moja "ya kumalizia". Nimekuja na ndoo ya mchanga, ipo hapa chini ya meza. Wenye simu zilizoanza kunyanyua kioo, zizimeni sasa hivi, mje nazo mbele tuzitoe kabla hamjaondoka.