Inua Pikapu Sentimita 4 kwa Gharama Ndogo: Buloku Nyuma, Toshenbaa Mbele

Karibuni. Leo tunainua pikapu sentimita 4 bila kununua seti nzima ya springi mpya: nyuma tunaweka buloku, yaani kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, na mbele tunakaza toshenbaa. Maelekezo haya ni ya pikapu yenye springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine) nyuma na toshenbaa mbele, yaani zile fimbo ndefu za chuma zinazobeba uzito kwa kujisokota. Kama mbele una springi za koili, hatua za nyuma zitakufaa, ila za mbele usizijaribu.

Kwa nini 4 na si 10? Kwa sababu hadi hapo paipu za breki, propela shafti (fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma) na sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) bado zinavumilia. Ukivuka hapo, kila kifaa kinadai kifaa kingine, na ule unafuu uliokuwa unautafuta umekwisha.

Kabla ya kushika spana, pima. Egesha sehemu tambarare, jaza upepo sawasawa, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda juu yake. Usipime kutoka chini, maana tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika namba za pembe zote nne. Tazama: huku kulia kuna milimita 8 pungufu. Hilo ni jani lililochoka, na buloku haitalitibu. Itainua pande zote mbili na upogo wake uleule.

Tuanze nyuma. Unahitaji buloku mbili za chuma za milimita 40 na yubolti nne mpya (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), zilizozidi za zamani kwa milimita 40 kwenda chini, pamoja na nati zake. Usirudishe za zamani hata kama urefu unatosha. Yubolti ikishakazwa hurefuka kidogo, na ukiikaza mara ya pili haishiki kama mwanzo.

Chungulia chini kwanza: springi ikae juu ya ekseli. Kama imening'inia chini ya ekseli, buloku itashusha gari badala ya kulipandisha. Na buloku ni moja kila upande. Ukipanga mbili, siku ya kufunga breki kwa nguvu ekseli inajizungusha na buloku zinachomoka. Mbao usiifikirie kabisa.

Weka kabari magurudumu ya mbele, kwa sababu handibreki hufunga ya nyuma, na ya nyuma yanaenda hewani. Inua, simamisha chasisi juu ya stendi mbili mbele ya springi, halafu rudisha jeki chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) ibebe ekseli. Fungua shokapu upande wa chini.

Nati za yubolti huwa zimeganda kwa kutu. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Zikigoma, zikate, kwani unazitupa hata hivyo. Ila ziba paipu ya breki na tangi la mafuta zisifikiwe na cheche.

Shughulikia upande mmoja kwa wakati. Wa pili legeza tu, usiufungue, ili ekseli isitoroke. Sasa shusha jeki polepole huku jicho likiwa kwenye paipu ya mpira ya breki. Ikianza kunyooka, simama hapo hapo. Angalia pia kebo ya handibreki na kipaipu cha kupumulia cha difu.

Sogeza kamera hapa. Chini ya springi kuna kichwa cha bolti ya katikati, ile inayoshikanisha majani. Kichwa hicho lazima kizame ndani ya tundu la buloku, na pini ya chini ya buloku izame kwenye tundu la kiti cha ekseli. Pitisha kucha pembeni: kusiwe na mwanya popote. Kikikaa nusu, ekseli inahama milimita chache na gari linatembea upande kama kaa.

Vaa yubolti, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, nyuzi zinazotokeza zilingane kwenye nati zote nne, umalizie kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Kuna wanaoweka shako ndefu, yaani kile kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chasisi, badala ya buloku. Ni rahisi zaidi, lakini shako iliyozidi milimita 80 inakupa takriban 40 tu, na inageuza pua ya difu, pale propela shafti inapoingia, kuelekea juu. Pembe za propela shafti hazilingani tena, gari linatetemeka. Buloku bapa inaiacha pua ilivyo. Kwenye shafti ya vipande viwili mtetemo unaweza kubaki wakati wa kuondoka. Hapo shusha bearingi ya katikati kwa vipande vya chuma vya milimita 10 kati ya kishikio chake na chasisi.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Pikapu nyingi zina valvu ya breki kwenye chasisi, yenye fimbo iliyoungwa na ekseli. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, fimbo inaiambia valvu iongeze nguvu ya breki za nyuma. Wewe umetenganisha bodi na ekseli, kwa hiyo valvu inadhani gari ni tupu kila siku. Breki za mbele zinabeba kazi yote, na ukiwa na mzigo utasimama mbali kuliko ulivyozoea. Pandisha kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa milimita 40 zilezile. Usiipinde fimbo.

Rudisha shokapu. Ekseli ikining'inia, shokapu isiwe ndiyo inayoizuia. Ikiwa imefika mwisho wake, tafuta ndefu zaidi, la sivyo itang'oka kwenye masikio yake.

Mbele hakuna cha kununua. Fuata toshenbaa hadi nyuma, utaona bolti ya kurekebishia. Piga alama ya rangi, hesabu nyuzi zinazoonekana, uandike. Inua magurudumu hewani, maana kukaza bolti hii ikiwa na uzito kunakula nyuzi. Legeza nati ya kufungia, zungusha mara mbili kila upande, shusha gari. Usipime bado! Magurudumu yamebanana kwa ndani. Sukuma gari mbele na nyuma mita tatu, likae, ndipo upime. Rudia hadi ufike.

Kukaza hakuifanyi toshenbaa kuwa ngumu. Ugumu unaousikia unatoka hapa: mkono wa juu na raba inayouzuia usishuke. Gari likiwa chini, bakiza mwanya wa milimita 20 hadi 25 kati yake. Ukiumaliza, kila shimo litakupa mlio wa paa! na sivi jointi zitakaa kwenye pembe kali hadi raba zake zipasuke. Mwanya ukifika milimita 20 kabla ya sentimita 4, simama hapo hapo na uridhike na ulichopata.

Funga nati, nenda alaimenti siku hiyohiyo. Magurudumu ya mbele sasa yameinama kwa nje juu, na tairi litalika ukingo wa nje. Pesa uliyookoa kwenye springi itumie hapa. Taa nazo zishushe, zisiwachome macho wanaokuja.

Baada ya kilomita 100 rudia kukaza yubolti, maana buloku na rangi hujibana, yubolti zikalegea. Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lake. Siku ukichungulia ukaona mstari umekatika, nati imezunguka.