Wiki Ile Mwezi Ulikuwa Wapi? Maneno ya Kumuaga Mkuu wa Kitivo Chetu

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, na wewe Profesa, mama yetu, shikamoo.

Nimetumwa na wenzangu wa idara. Wasifu umeshasomwa na vyeo vimetajwa, sitavirudia. Nitaeleza alivyotulea sisi tuliofika hapa Mwanza na shahada mbichi mkononi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kupima dagaa wanaoshushwa mwaloni Igombe. Nilikwenda na mizani, daftari na ratiba niliyoipanga mwenyewe. Nikakaa juma zima mchangani. Mitumbwi imefungwa, vichanja vitupu, vijana wanashona nyavu. Nikarudi nikaandika kwamba dagaa wamepungua kupindukia.

Profesa akaniita. Mezani kulikuwa na rasimu yangu, na juu yake kalenda aliyoitungua ukutani. Akaniuliza, "Baba, wiki ile mwezi ulikuwa wapi?"

Nilinyamaza. Dagaa huvuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi zaidi za sola. Usiku wa giza samaki huufuata mwanga, wakazungukwa na wavu. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu tena, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Mtoto yeyote wa Igombe angeniambia, laiti ningemuuliza. Mimi nilikuwa nimepima likizo ya wavuvi nikaiita upungufu wa samaki.

Hakunicheka, wala hakupandisha sauti. Giza liliporudi alinipeleka Igombe mwenyewe, tukafika kabla ya alfajiri. Taa zilikuwa zimetapakaa ziwani mfano wa mji. Mitumbwi ilipoanza kuingia, alijifunga kitenge vizuri akasogea walipo akina mama wenye ndoo. "Mwangaluka!" akawaamkia kwa Kisukuma. Wakamwitikia kwa jina. Kisha akachota kiganja cha dagaa, akawatandaza juu ya ukurasa wa daftari langu, akamulika kwa tochi ya simu. Kwa ncha ya penseli akamtenga mmoja, mfupi, mnene kidogo. "Huyu si dagaa. Huyu ni furu, bado mtoto."

Waliosoma kazi zake wanajua uzito wa neno hilo kinywani mwake. Ziwa hili la Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wake wa asili. Sangara, waliopandikizwa miaka ya 1950, walishamiri miaka ya 1980 wakiwala furu, na hapa kwenye Ghuba ya Mwanza furu wa aina nyingi wakatoweka machoni pa watu. Sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena. Profesa amewafuatilia hao wanaorudi kwa miaka mingi, na ndiyo sababu jicho lake halimpiti furu hata akiwa mdogo kama kucha. Asubuhi ile nilielewa kwamba utaalamu wake wote umejengwa kwa kuinama hivyo, juu ya ndoo za watu.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Fedha za kazi ile zilikuwa zimekwisha. Kikao kilipouliza kwa nini takwimu hazifai, nilikuwa nimeshajiandaa kusimama. Alinitangulia. "Ratiba niliisaini mimi," akasema, akakaa. Alikuwa ameisaini kwa kuniamini. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja, ndiyo maana leo najikumbusha mwenyewe mbele yenu.

Baada ya hapo akawa anakwenda uhasibu, anarudi, anakwenda tena, hadi fedha za kwenda ziwani zikaanza kutolewa kwa kufuata mwezi wa angani. Mwenzetu mmoja alipojifungua, Profesa alibeba vipindi vyake vyote muhula mzima. Na rasimu zetu zimerudi na penseli yake pembeni, pamoja na swali lile lile: nani alihesabu? Vijana wanaopima samaki mwaloni wametajwa kwenye machapisho yetu kwa sababu ya swali hilo.

Profesa, utusamehe, jana tuliingia ofisini kwako tukaichukua ile kalenda. Sasa ipo ukutani kwenye chumba cha wahadhiri wasaidizi. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanakwenda Igombe giza likirudi. Gari litaondoka saa tisa usiku. Kiti cha mbele, kando ya dereva, hatujampa mtu.