Rangi tano na kola moja: tumchore Juan de Pareja kama alivyochorwa na Velázquez

Haya, karibuni. Leo mezani nina turubai moja, brashi tatu na rangi tano tu za mafuta: nyeupe, nyeusi, nyekundu, ocha ya njano (njano ya udongo) na kahawia iliyoungua. Tunachora kichwa na kola ya mtu anayeitwa Juan de Pareja. Picha ya asili ilichorwa na Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650, na sasa iko Metropolitan Museum, New York. Nakala yake hii hapa nimeibandika ukutani. Itazame kwanza, brashi usiiguse bado.

Tazama macho. Huyu bwana anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekwenda kumwomba kitu. Sasa jua kwamba alikuwa mtumwa, na aliyemmiliki ndiye huyohuyo aliyemchora. Velázquez alizaliwa Sevilla mwaka 1599, akaingia katika kazi ya Mfalme Felipe IV wa Hispania akiwa na miaka 24, na akabaki katika kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1660. Roma alitumwa kumtafutia mfalme picha na sanamu. Huko akapata kazi ya kumchora Papa Inosenti X, na inasimuliwa kwamba kabla ya kumkabili Papa alitaka kuunyoosha mkono kwanza. Akamkalisha Pareja.

Tuanze. Hatua ya kwanza, usichore juu ya turubai jeupe. Changanya nyeupe, nyeusi kidogo na kahawia, upate kijivu kilichochafuka, kisha upake lote na uache likauke. Ujanani kule Sevilla Velázquez alianzia juu ya kahawia iliyokolea. Baadaye akahamia kwenye kijivu chepesi. Faida yake utaiona mbele: sehemu nyingine hutazigusa tena, na zitaonekana zimekwisha.

Hatua ya pili, penseli weka kando. Chukua kahawia, ilainishe na tapentaini iwe nyepesi kama chai ya rangi, kisha weka alama: juu ya kichwa, kidevu, ukingo wa mabega. Basi. Ukikosea, futa kwa kitambaa au paka juu yake. Velázquez mwenyewe alikuwa anabadili mawazo huku anachora. Kwenye picha ya Felipe IV akiwa juu ya farasi, iliyoko Prado, jumba la makumbusho la Madrid, miguu ya zamani ya farasi inachungulia chini ya rangi hadi leo. Farasi wa mfalme ana miguu ya ziada, na hakuna aliyemfukuza kazi.

Nyuma ya Pareja na joho lake nitavipitia haraka. Rangi nyembamba, kijivu cha kuelekea kijani (ukichanganya nyeusi na ocha utakipata), brashi pana. Usihangaike na vifungo.

Sasa uso, na hapa naomba twende taratibu. Pareja alikuwa Mhispania mwenye asili ya Afrika, na kosa ninaloliona sana kwenye ngozi nyeusi ni mtu kuongeza rangi nyeusi tu hadi uso unakuwa kama masizi ya sufuria. Angalia nakala vizuri: kuna wekundu shavuni na puani, kuna ubaridi wa kijivu karibu na ndevu. Kwa hiyo giza lako litoke kwenye kahawia na nyekundu, nyeusi ikiwa tone tu. Mwanga wa kati ni ocha na nyekundu. Paji la uso ocha na nyeupe kidogo, uiweke nzito, mara moja, na uondoe mkono. Ukirudi kuisugua umeiua.

Kola. Kamera isogee hapa. Mara ya kwanza nilipoichora nilihesabu kila tundu la lesi, nikakaa nayo siku mbili. Ikatoka kama kile kitambaa cha kufuma tunachotandika juu ya kochi sebuleni! Safi kabisa, lakini imekufa. Velázquez hakuhesabu kitu. Paka umbo zima la kola kwa kijivu, na kabla halijakauka chukua brashi ndogo yenye nyeupe nzito uguseguse ukingoni: moja ndefu, mbili fupi, ruka, moja tena. Visiwe sawa. Kisha chovya ile rangi ya joho uipenyeze kutoka nje kuingia ndani ya kola, hapa, na hapa. Hayo ndiyo matundu. Ukiwa karibu, ni madoa matupu. Sasa nafuatana nanyi hatua tano nyuma… mnaona? Lesi hiyo.

Wakati mnagusagusa kola zenu, nimalizie habari ya Pareja. Picha ilipokwisha alitumwa yeye mwenyewe kuipeleka ikaonwe, na watu, inasemekana, hawakujua wazungumze na nani, picha au mtu. Machi 19, 1650 ikaonyeshwa Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, ikasifiwa sana. Sifa hizo hazikumfungua. Hati ya uhuru wake ilitiwa saini Novemba 23 mwaka huo, tena kwa sharti: aendelee kutumika miaka minne zaidi, asitoroke wala kutenda jinai. Mimi nampenda Velázquez kwa mkono wake, lakini hapo huwa nanyamaza. Mwaka 1661 Pareja, sasa akiwa mchoraji anayejitegemea, alichora Wito wa Mathayo, picha kubwa iliyoko Prado. Pembeni kushoto kabisa amejichora mwenyewe amesimama, karatasi mkononi, na kwenye karatasi ameandika jina lake.

Hatua ya mwisho basi, weka saini yako, ndogo, kwa kahawia. Brashi zioshe kwa tapentaini, halafu sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Turubai lisimamishe mahali ambapo watoto hawafiki, maana ile nyeupe nzito inachukua wiki na zaidi kukauka. Ukiigusa kesho utaondoka na kola kidoleni.