Tunaunga diski nne kwa Linux, halafu tunaiua moja makusudi

Haya wajameni karibuni, leo tuko hapa kwangu Kisauni, feni mtaisikia inapiga kelele lakini kuizima siwezi, joto la huku mwalijua. Kazi ya leo ni hizi diski nne, kila moja terabaiti mbili, tuziunge ziwe diski moja kubwa, na ikifa moja faili zibaki. Mimi napiga video za harusi, na harusi za pwani si siku moja, kuna kesha, kuna nikahi, kuna kupamba, ukimaliza una faili huna pa kuziweka na bibi harusi ataka video yake.

Hii yaitwa RAID. Kina Patterson, Gibson na Katz waliiandikia pale Berkeley, Marekani, mwaka 1988, hoja yao diski za bei rahisi zikiungana zaweza kushindana na ile moja ya bei kali. Na mimi bei ndiyo iliyonileta, hizi zote ni za mtumba.

Leo twaweka RAID 5. Diski nne wapata nafasi ya tatu, yaani terabaiti sita, ile nyingine yaliwa na hesabu, na hesabu hiyo imetawanywa kwa zote nne. Fikiria hivi, nikikwambia namba tatu jumla yake kumi, ya kwanza nne, ya pili moja, ya tatu si wajua ni tano? Basi diski ikifa kompyuta hupiga hesabu namna hiyo. Zikifa mbili, hapo sahau.

Kwanza pima mtumba wako. Fungua taminali, weka programu mbili, mdadm ya kuunga diski na smartmontools ya kupima afya yake:

sudo apt install mdadm smartmontools

Halafu sudo smartctl -a /dev/sdb, sdb ni jina ambalo Linux imeipa diski yangu ya kwanza, tafuta mstari wa Reallocated_Sector_Ct, yaani sehemu mbovu ambazo diski imezihamisha, namba ya mwisho kabisa iwe sifuri. Ikiwa si sifuri rudisha dukani mapema. Power_On_Hours ya hii yangu ni masaa 31,000, miaka mitatu na nusu imewaka, haya, bado yapumua. Rudia kwa zote nne.

Sasa andika:

lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL

Hapa usiwe na haraka. Tazameni, kila diski nimeibandika selotepu nikaandika herufi nne za mwisho za serial yake, ile namba ya kiwandani. Mwaka juzi diski moja ilikufa, nikazima mashine, nikachomoa nzima nikaiacha mbovu ndani, nikawasha, nilikaa nimeshika kichwa mpaka adhana ya alfajiri. Selotepu ni shilingi ngapi?

Zangu ni sdb, sdc, sdd na sde, zako zaweza kuwa tofauti, na ukikosea ukataja ile yenye sistimu msije mkanilaumu, kila kitu kilichoko kwa hizi diski chaenda. Haya:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=5 --raid-devices=4 /dev/sdb /dev/sdc /dev/sdd /dev/sde

Ikikuuliza kuhusu bitmap, yaani daftari la kukumbuka sehemu zilizobadilika, sema y, ikiuliza uendelee sema y. Kisha cat /proc/mdstat, mtaona [UUU_], kila U ni diski moja inayofanya kazi, pale mwisho pana pengo, na wengi hushtuka hapo. Hakuna kilichoharibika, RAID 5 huanza na diski tatu halafu yaijaza ya nne, kwa ukubwa huu hesabu masaa manne hivi, nenda kale mahamri. Stima ikipotea katikati ikirudi itaendelea, lakini UPS ndogo nunua tu, kukatika wakati unaandika faili si jambo zuri kwa RAID 5.

Tuiwekee fomati na mahali pa kukaa:

sudo mkfs.ext4 /dev/md0
sudo mkdir /mnt/harusi
sudo mount /dev/md0 /mnt/harusi

lsblk itasema 5.5T, hujaibiwa, yahesabu kwa 1024. Halafu hii watu huiruka, kesho wakiwasha wakuta md0 imegeuka md127 waanza kulia:

sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u

Kwa /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, tumia UUID, kitambulisho cha diski unachopewa na sudo blkid /dev/md0, na uongeze nofail, ili hata zikigoma mashine iwake.

[UUUU] ikitimia, sasa tuue. Nimeweka video moja tu ya majaribio, sudo chown ya kujipa ruhusa ya kuandika humo nishaifanya, video inacheza hapo pembeni, mwaiona. Nasema:

sudo mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc
sudo mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdc

Mdstat yasema [U_UU], na mama wa bibi harusi bado acheza chakacha, hajakwama hata kidogo. Sasa zima mashine, chomoa ile yenye selotepu ya sdc, washa tena, faili zikiwepo basi alama zako ni sawa. Zima, irudishe, washa, uangalie tena lsblk kwa sababu herufi zaweza kuhama, halafu:

sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc

Ikirudi ile ile humaliza chapuchapu sababu ya bitmap, diski mpya ndiyo itakukalisha masaa. Na ukifuta faili kwa mkono wako yafutika kote, kwa hivyo zile za wateja mimi nabaki na kopi kwa diski ya nje, iko kabatini kwa mamangu Likoni, mbali na mashine hii.