Kori Zako Zinagombania Nini?

Haya jamani, swali ni lile lile: "Mkuu, nimenunua prosesa ya kori 16, mbona simulesheni yangu haiendi mara 16?" Na jibu langu ni lile lile, nitalirudia mpaka mnichoke: kabla hujaongeza kori, yaani vile vitengo vya kuhesabu ndani ya prosesa, angalia hizo ulizonazo zinagombania nini.

Hesabu ya Amdahl ya 1967 mnaijua, ile ya kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inaweka kikomo cha kasi. Asilimia 10 ya kazi ikiwa lazima ifanywe na thredi moja, yaani mfululizo mmoja wa maagizo ya programu, kori 16 zinakupa kama mara 6.4 tu, na hata uweke kori elfu hufiki mara 10. Sawa. Ila watu wameigeuza kisingizio, programu ikisuasua kidogo tu "aah, ndo Amdahl huyo", kumbe Amdahl wa watu hana kosa, tatizo liko kwenye memori.

Chukua simulesheni ya chembe zinazogongana. Umezigawa kwa thredi 8, kila thredi inahesabu migongano yake na kuiandika kwenye safu yenye nafasi 8, kila mmoja na nafasi yake, hakuna loki ya kusubiriana zamu, hakuna anayemgusa mwenzake, unajipiga kifua. Unairusha, halafu unakuta thredi 8 zinaenda taratibu kuliko moja! Inakuwaje? Prosesa haichukui baiti moja moja, inabeba fungu zima, na kwenye kompyuta nyingi za mezani fungu ni baiti 64. Sasa namba za baiti 8, nafasi 8, piga hesabu mwenyewe: zote zinaweza kuingia fungu moja. Kori moja ikiandika kwenye nafasi yake, nakala za fungu hilo kwenye kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo karibu na kori, za wenzake zote zinafutwa uhalali, inabidi waliombe upya, na mwingine akiandika mchezo unaanza tena, mamilioni ya mara. Ni watu wanane wenye daftari moja, kila mtu na ukurasa wake, lakini daftari analishika mmoja tu.

Dawa yake mistari miwili: kila thredi ijihesabie kwenye namba yake ya ndani, duru ikiisha ndo ijumlishe mara moja. Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, itamsaidia. Mara nyingine inasaidia kweli, namba inakaa kwenye rejista, ndani ya kori yenyewe, na hutajua kama ulikuwa na tatizo. Zifanye namba hizo ziwe atomiki, yaani kila badiliko lifanyike kwenye memori kwa hatua moja isiyokatika, uone kama huruma hiyo itakufikia.

Halafu njia yenyewe ya kwenda kwenye RAM, memori kuu. Chaneli mbili za DDR4-3200, aina mojawapo ya RAM, zinapitisha kama gigabaiti 51 kwa sekunde, nayo ni kwa kori zote, sio kila moja. Simulesheni za gridi, zile za joto na mtiririko wa hewa, zinasoma sana zinahesabu kidogo, kwa hiyo kori chache tu zinaijaza njia, zilizobaki zinasubiri huku feni inapiga kelele. Kata gridi vipande vinavyoenea kwenye kashe, maliza kazi ya kipande ndo uhamie kingine.

Naona naonyeshwa saa. Namba za bahati nasibu, kila thredi na jenereta yake, tafadhali, msitumie moja kwa pamoja. Zile thredi pacha, kori moja inapoendesha thredi mbili kwa wakati mmoja, zimeni, washeni, mpime. Mnaokuja na maswali, njooni na grafu ya muda kwa thredi 1, 2, 4 na 8. Asiye na grafu simjibu.